Akili mnemba kwenye ushauri nasaha wa sekondari: uzoefu wangu

Programu za mazungumzo za akili mnemba nazipa nyota nne kati ya tano zikiwa mkononi mwa mwalimu wa ushauri nasaha, na nyota moja zikiachiwa mwanafunzi peke yake. Nazungumzia sekondari ya bweni hapa Tanzania, na kazi ya kuwahi: kumwona kijana anayeanza kuelemewa kabla hajaacha kula, hajatoroka wala hajajidhuru. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Mwalimu mmoja mwenye wanafunzi mia kadhaa hawezi kuwafikia wote kwa macho tu.

Dodoso ninalotumia ni PHQ-A, la kupima dalili za sonona (huzuni nzito isiyoisha) kwa vijana: maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27. Anayefika 10 anaitwa. Ila usiipe programu kazi ya kujumlisha. Ukibandika majibu ya darasa zima huruka mstari au hukosea hesabu, na jedwali linalotoka ni safi kiasi kwamba huna hamu ya kulikagua. Iombe fomula, hesabu ifanywe na Excel. Safu A weka namba ya mwanafunzi badala ya jina, B hadi J majibu, K iwe =SUM(B2:J2), na L iwe hivi:

=IF(OR(J2="",J2>0),"LEO",IF(COUNT(B2:J2)<9,"RUDIA",IF(K2>=10,"WIKI HII","")))

Safu J ni swali la 9, la kutamani kufa au kujidhuru. Mwenye alama 1 pale anamtangulia mwenye jumla ya 20 aliyeandika sifuri, na aliyeliruka swali hilo naye anaitwa siku hiyohiyo, kwa kuwa mara nyingi linarukwa kwa makusudi. Bila COUNT, Excel huhesabu nafasi tupu kama sifuri na kijana anapita kimyakimya. Na kama siku hiyo hakuna mtu mzima mwenye nafasi ya kukaa na wa "LEO", dodoso lisigawiwe kabisa.

Wiki ya mitihani usigawe. Alama za karibu kila mtu hupanda. Maswali ya usingizi, uchovu na hamu ya kula hupandishwa pia na malaria, na kengele ya saa kumi alfajiri. Programu haijui habari za kengele. Ukiipa alama 11 bila maelezo itakuandikia sonona na mpango mzima wa tiba. Iulize hivi badala yake: "Taja sababu nyingine tano zinazoweza kuleta majibu haya kwa mwanafunzi wa bweni, na swali moja la kutofautisha kila sababu." Hapo inalipa gharama ya bando.

Suala la muktadha linagusa hata kazi kubwa za utafiti. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa modeli ya akili mnemba iliyofunzwa kwa taarifa za watoto zaidi ya 11,000, inayobashiri nani hali yake itazidi kuwa mbaya ndani ya mwaka, kwa usahihi wa 84%. Vilivyobeba uzito mkubwa ni usingizi uliovurugika na ugomvi nyumbani. Kazi nzuri, lakini bwenini usingizi unaamuliwa na ratiba na ugomvi wa nyumbani uko mbali kwa miezi, kwa hiyo dalili hizo mbili hazitasema hapa kile zinachosema kule.

Asilimia zenyewe zinataka kusomwa kwa makini. Chukua mfano wa hesabu tu: wanafunzi 400, wenye tatizo 40. Chombo kinachowakamata 80% ya wenye tatizo kitawapata 32 na kuwakosa 8. Kikiwapitisha sawasawa 85% ya wazima, kitawatia alama wazima 54. Utaita watu 86, na zaidi ya nusu hawana tatizo. Ndiyo maana orodha ya walioitwa haibandikwi popote, wala haisomwi mstarini.

Nyota nyingi zimetoka kwenye mazoezi ya mazungumzo. Naiambia programu iwe kijana wa miaka 15, Kidato cha Pili, mimi niwe mshauri. Bila masharti hufunguka kwa swali la pili na kushukuru, jambo ambalo kijana halisi hafanyi. Masharti yanayofanya kazi: ijibu kwa maneno machache, iseme "sijui" au "kawaida tu", nikihubiri ibadilishe mada, na siri isiitoe mpaka niulize swali lisilojibiwa kwa ndiyo au hapana. Mazungumzo yakirefuka husahau masharti na kuwa mpole tena, fungua mapya.

Nyota iliyokatwa kwa mwalimu ni ya faragha. Jina lisiingie, lakini hata maelezo humtaja mtu: "binti pekee aliyehamia kutoka Kigoma, kiranja wa bweni" ni jina tosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu na shule. Kwenye mipangilio, zima ruhusa ya mazungumzo yako kutumika kuifunza modeli.

Kwa mwanafunzi peke yake, ijaribu wewe kwanza. "Nataka kujiua" huitikiwa vizuri. Andika sasa "nimewachosha nyumbani, bora wapumzike" au "vitu vyangu nimeshawagawia wenzangu". Nimeona majibu ya kusifu ukarimu, ya kushauri kunywa maji na kulala, na ya kutoa namba ya simu ya msaada 988, ambayo ni ya Marekani. Ya hapa kwa watoto ni 116, bure.

Muhula ukiendelea simu haziruhusiwi, kwa hiyo hatari kubwa ni likizo. ChatGPT tangu Septemba 2025 inamruhusu mzazi kuunganisha akaunti yake na ya kijana, kuweka saa za kufunga na kupewa taarifa ikionekana dalili ya kujidhuru. Kijana akijitoa, mzazi anaarifiwa. Inataka akaunti mbili. Kwenye simu moja ya familia, kijana anaandika ndani ya akaunti ya mama, programu inadhani inaongea na mtu mzima, na ulinzi wa vijana hauwaki.