Mbono kaburi au alizeti: kipi kiendeshe mashine ya kusaga?

Ismani, kule Iringa, alizeti haihitaji kupigiwa debe. Ukipanda leo, baada ya miezi minne hivi unavuna. Mafuta yanakwenda jikoni, mashudu wanakula kuku na nguruwe. Na hapo ndipo tatizo lilipo: lita yake sokoni inaizidi bei dizeli yenyewe. Nani ataimwaga kwenye tangi la mashine?

Mbono kaburi (jatrofa), mti ambao mbegu zake nazo hukamuliwa mafuta, hauna mgogoro na sufuria, maana mbegu hizo ni sumu. Watu wanaupanda uwe uzio, mbuzi hawaugusi. Lakini mashudu yake mifugo haili, yanafaa mbolea tu, na mti unataka miaka mitatu au zaidi ndipo uzae vizuri. Ule usemi kwamba unastawi popote una ukweli nusu: kwenye ardhi kavu hauendi kufa, ila mbegu ni za kuhesabu. Miradi mikubwa ya Kisarawe na Kilwa ilikwama.

Kwenye injini mafuta yote mawili yana kasoro moja, uzito. Asubuhi ya Juni Uyole, kwenye baridi ya Mbeya, mafuta kwenye dumu yanamiminika kama uji, na nozeli, kitundu kinachonyunyizia mafuta ndani ya injini, inaziba kwa masizi. Dawa ni kuyapasha moto kwanza, au kuyachanganya na methanoli na magadi makali (kostiki soda) yawe biodizeli, mafuta mepesi yanayotumika kama dizeli; methanoli hiyo nayo unainunua.

Mimi ningepanda mbono mpakani mwa shamba, uwashe mashine ya kijiji. Alizeti niachieni nikaangie maandazi.