Biti za rauta: anza na hizi tatu

Ukiingia duka la vifaa pale Gerezani, Dar es Salaam, ukasema umenunua rauta yako ya kwanza, yaani mashine ya kuchonga mbao, utaonyeshwa kasha la biti, visu vyake, kumi na mbili au kumi na tano, zimepangwa zinameremeta. Liache. Nyingi hutazigusa, na ile moja unayoihitaji kila mara itaisha makali kabla rafu yako haijasimama. Kwa pesa hiyohiyo nunua biti tatu nzuri, mojamoja.

Kabla ya umbo, angalia shina, ile sehemu ya biti inayoingia kwenye mashine. Rauta ndogo za mkono, ambazo wengi tunaanza nazo, huwa na koleti (kibanio kinachoshika shina) ya 6 mm au ya robo inchi, na robo inchi ni 6.35 mm. Kwa macho huoni tofauti, na hapo ndipo nilipokosea. Niliuziwa biti ya 6 mm, nikaitia kwenye koleti ya robo inchi, nikakaza, nikaona imeshika. Katikati ya ubao wa mninga ikaanza kuteremka yenyewe. Mfereji ulioanza na kina cha 5 mm ukaishia 9. Ubao ule ulikuwa ubavu wa kabati, na sikuwa na mwingine. Nashukuru haikuchomoka kabisa. Kwa hiyo nenda dukani na koleti yako, uijaribu biti papo hapo.

Kisha tazama ncha. Chukua yenye vipande vya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, uisogeze kwenye mwanga: pale kabaidi ilipoungwa na chuma pasiwe na mwanya. Kabaidi ikiwa nene, biti inanoleka tena. Zilizoandikwa HSS, za chuma kitupu, ni za bei rahisi na zinakata paini vizuri, lakini gundi iliyomo ndani ya plaiwudi na MDF (mbao za unga wa mti ulioshindiliwa) inazimaliza upesi.

Namba moja ni biti nyoofu ya 12 mm. Hii ndiyo inayochimba mifereji ya kushikia mbao za rafu. Utashawishika kununua ya 18 mm kwa sababu plaiwudi yako inaitwa ya 18. Pima kwanza: mara nyingi haifiki 18 kamili, na rafu itacheza. Ukiwa na ya 12 unapita mara mbili ukifuata ubao ulionyooka uliobanwa kwa klampu, na upana unaupata kamili. Usishushe zaidi ya 3 mm kwa mpito mmoja. Kuna nyoofu za msokoto, zinaacha mfereji msafi sana, ila bei iko juu na zile za kabaidi tupu zikianguka sakafuni huvunjika. Zisubiri.

Namba mbili ni biti ya raundi, ya kuviringisha ukingo, ya 6 mm yenye beringi, kigurudumu kinachotembea kwenye ukingo wa ubao. Inaondoa ncha kali ya meza au rafu, na kazi inapendeza mara moja. Zungusha beringi kwa kidole. Ikikwaruza, irudishe, maana itachoma ukingo na kuacha alama nyeusi ambayo msasa unahangaika nayo. Anza na ncha za ubao, pale nyuzi zinapokatikia, umalizie na pande ndefu. Kona ikibanduka kidogo, mpito wa pande ndefu utaifuta. Ukingo wa nje uzungukie kinyume cha saa, la sivyo rauta itakuvuta mkono.

Ya tatu ni nyoofu yenye beringi, ya kunakili kiolezo, yaani kipande cha mfano ambacho beringi inakifuata. Miguu minne ya stuli ikitoka sawasawa, ni kazi yake.

Ya kukata ukingo kwa mshazari wa nyuzi 45 inaweza kungoja mradi wa pili. Ya mkia wa njiwa, ya kuchonga viungo vya umbo hilo, inadai kiolezo chake maalumu, nayo iweke nyuma zaidi. Zile pana za kuchonga paneli za milango usizitie kabisa kwenye rauta ndogo: mashine hizo huzunguka hata mara 30,000 kwa dakika, na biti pana inataka mwendo wa chini ya nusu ya huo.