"Zote nyekundu tu, dada yangu": nilivyobadilisha oili ya giaboksi

Nilisema nitaandika kuhusu gereji iliyonibadilishia oili ya giaboksi, hasira ikishuka. Haijashuka, basi naandika hivyo hivyo.

Gari langu ni Toyota ya otomatiki, ya zamani kidogo, zile ambazo giaboksi yake bado ina dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Aliyeniuzia aliniapia kwamba oili ya giaboksi haibadilishwi mpaka gari life. Nikamwamini, maana ilikuwa nafuu kumwamini. Baadaye nikaja kusoma kwamba hata ZF, wanaowatengenezea giaboksi watengenezaji wakubwa wa magari, wanashauri zao zibadilishwe oili kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Langu lilishapita huko siku nyingi. Nikachomoa dipstiki, nikadondosha tone kwenye tishu nyeupe. Oili mpya ya gari kama hili huwa nyekundu inayong'aa. Yangu ilikuwa rangi ya kutu, inanuka kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Nikalipeleka gari gereji siku hiyo hiyo.

Sampu, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, ilipofunguliwa nilifurahi, nakiri. Ndani mna sumaku ndogo za kunasa unga wa chuma, na zangu zilikuwa zimeota manyoya ya kijivu. Unga laini wa namna hiyo ni wa kawaida, vipande vya chuma ndivyo vya kuogopa, na havikuwepo. Filta mpya, gasketi mpya, kila kitu kikafutwa kikatakata. Hapo nilikuwa nawapa nyota tano kichwani.

Kisha bosi wao akavuta dumu lisilo na lebo yoyote, akaanza kumimina.

"Fundi, hiyo ni oili ya aina gani?"

"Zote nyekundu tu, dada yangu. Wewe kazi yako kuendesha."

Wenzake wakacheka. Mimi nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kunakoniuma mpaka leo. Injini ndiyo kwanza imewashwa, giaboksi ya baridi kama jiwe, yeye anachomeka dipstiki, anaifutia kwenye paja la ovaroli lililojaa grisi, anachomeka tena, mpaka oili ikagusa alama ya juu kabisa. "Imejaa safi."

Sasa sikilizeni. Kwenye dipstiki ya gari langu, kwenye bapa la chuma lile lile alilokuwa analifutia pajani, aina ya oili imechongwa: T-IV. Imechongwa! Mtu ameshika jibu la swali langu mkononi, analipaka grisi, na bado ananicheka.

Haikupita siku tatu. Naweka D, gari linatulia kama linafikiri, halafu linaruka kama limepigwa teke kwa nyuma. Mlimani ndiyo balaa, injini inalia, mshale wa mizunguko unapanda, gari halina habari. Nikachungulia chini, nikakuta giaboksi imelowa oili iliyojitapika kwenye tundu la kupumulia.

Nikarudi. Bosi hata boneti hakufungua. "Giaboksi yako ilishakufa zamani. Ile oili chafu ndiyo iliyokuwa inaishikilia." Sipendi kumtetea, lakini maneno haya hayakutoka hewani. Sahani za klachi zilizo ndani ya giaboksi zikishalika, oili mpya haizifufui, na mara nyingi lawama huiangukia oili. Ila huwezi kusema hivyo bila hata kupima!

Aliyepima ni kijana mmoja anayejifunza kazi. Alisubiri bosi aende kupokea simu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, tuizungushe kwanza ipate moto." Tukaendesha kama robo saa, tukasimama pa tambarare, injini ikiwa inawaka. Akapitisha gia zote taratibu, P mpaka chini na kurudi, ndipo akachomoa dipstiki, akaifuta kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi. Oili ilikuwa imepita kwa mbali ile alama ya juu, ambayo kumbe ni ya kupimia oili ikiwa ya moto, na ina mapovu. Akanieleza kwamba oili hutanuka ikipata moto. Ukiijaza ya baridi mpaka alama ya moto, umezidisha. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka vinaipiga mpaka inatoa povu, na povu halishiki presha, kwa hiyo klachi zinateleza. Akaongeza kwamba si magari yote hupimwa injini ikiwaka, Honda nyingi huzimwa kwanza. Yule kijana anajua hata ya Honda! Bosi wake hajui kusoma dipstiki.

Tukapunguza iliyozidi. Teke likaisha, kukabaki mtetemo mdogo wa kubadilisha gia. Nikanunua T-IV mwenyewe, na kijana akaimwaga na kuijaza mara tatu kwa siku tofauti, kwa sababu ukimwaga mara moja inatoka sehemu tu, nyingine inabaki imejificha kwenye toki konveta, kile chombo kinachopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye giaboksi. Baada ya mara ya tatu, gari linabadilisha gia hata sisikii. Niliwahi kudhani lilikuja na mishtuko yake kutoka kiwandani, kumbe ni oili.

Basi gereji mbaya? Nilipoanza kuandika nilitaka kutoa nyota moja. Nilipofika kwa kijana nikapandisha mpaka nne. Halafu nikakumbuka nilipokuwa naondoka mara ile ya mwisho, bosi ameegemea mlango, anapunga mkono: "Si nilikuambia itakaa sawa, dada yangu?" Mbili. Hapana, moja na nusu.

Na nitarudi, maana huyo kijana sijui nitampata wapi kwingine. Nitapiga simu kwanza kuuliza kama bosi yupo.