TAHADHARI: Anayeuza santuri za "mzee wangu marehemu" hapa Houston ni tapeli

Jamani, nimepigwa. Nimepigwa mchana kweupe, dola 650, na Mswahili mwenzangu, halafu wakati wa kuagana mimi ndiye niliyeshukuru. Naandika hapa mikono inatetemeka, mkiona herufi zimepishana mnisamehe.

Santuri yenyewe mnaijua. Ndiyo hiyo hiyo, The Psychedelic Sounds of the 13th Floor Elevators, ile bendi ya roki ya Austin, toleo la kwanza la 1966, mono, yaani sauti ya njia moja, santuri namba moja ya kampuni ya International Artists. Tumeshabishana mpaka usiku wa manane ipi bora kati ya mono na stereo, na msimamo wangu mnaujua, siurudii.  Itoshe kusema nilikuwa naitafuta, na kila mtu alijua naitafuta. Nadhani hapo ndipo aliponipatia.

Maana huyu bwana alinifuata yeye. Aliniandikia kwa Kiswahili kizuri, cha pwani kabisa, "dada'angu habari za masiku," akajieleza kuwa anafanya kazi ya kulea wazee majumbani. Mzee wa Kizungu aliyekuwa anamlea kule Montrose amefariki, watoto wake wako mbali, hawana habari na makorokoro ya baba yao, wamemwambia achukue anachotaka, kingine kitupwe. Sasa niambieni, nani kati yetu hapa Texas hana ndugu au shoga anayefanya kazi hiyo? Mimi mwenyewe nimeifanya. Nimeona familia zikigawa makochi, televisheni, vyombo vya udongo vya bei mbaya, kisa tu hawataki kukodi lori. Santuri za marehemu kuishia mikononi mwa mlezi wake, hilo mbona ni jambo la kila siku. Wanaoniambia "ulikuwa hushtuki?" wangeanza kwa kuniambia ningeshtukia nini.

Halafu alijua mambo, haki ya Mungu. Wengi wanadhani kila kitu cha bendi ile ni Austin, yeye alijua kampuni ya International Artists ilikuwa ya hapa hapa Houston. Alijua kuwa Lelan Rogers, aliyewatayarishia rekodi, ni kaka yake Kenny Rogers, yule mwimbaji wa country. Alisema mzee wake aliwaona kwa macho kwenye klabu ya La Maison mwaka huo huo wa 1966, mwimbaji wao Roky Erickson anapasua koo pale mbele, na pembeni mpiga gudulia wao, Tommy Hall, kasimama na gudulia lake, kipaza sauti kimebanwa mdomoni mwa gudulia. Akaongeza, bila mimi kumuuliza, kwamba Tommy hakuwa akilipuliza lile gudulia kama wapiga gudulia wa zamani, bali alikuwa akitoa sauti kooni na gudulia linaitikia. Ndiyo maana inasikika vile, kama njiwa aliyefungiwa kwenye debe. Nyie mnajua ninavyolipenda hilo gudulia. Nikalegea.

Tukakubaliana tukutane kwenye maegesho ya duka la vyakula vya Kiafrika kule Bissonnet, Jumamosi, saa nane mchana. Mahali pa wazi, watu wanaingia na kutoka na mifuko ya unga na samaki wakavu, kamera juu ya mlango. Kila kitu tunachoambiwa tufanye tukinunua kwa mtu nilikifanya. Alikuja na gari safi, mtu mzima, mvi kidogo kidevuni, shati limepigwa pasi. Nikampa shikamoo. Naomba mlitie hilo akilini: nilimpa shikamoo, na aliiitikia marahaba kwa sauti ya baba wa ubatizo.

Jua lilikuwa linachoma vibaya sana. Akafungua mlango wa nyuma, akatoa taulo, ndani ya taulo mfuko wa nailoni, ndani ya mfuko jalada. Lile jicho ndani ya piramidi, zile rangi nyekundu na kijani zinazogombana mpaka macho yanauma. Pembe zimelika vizuri, kwa nyuma karatasi imegeuka manjano, na upande wa kulia chini kuna bandiko la bei, kuukuu, wino umefifia, kona moja imejikunja. Nikalipitisha kidole. Lile bandiko ndilo lililonimaliza. Nilisema moyoni, huyu mzee alilinunua dukani, akiwa kijana, akalipeleka nyumbani, na bei yake ile pale.

Nikataka kuitoa sahani. Akanishika mkono, taratibu kabisa. "Mdogo wangu, kwenye jua hili? Itapinda." Na kweli santuri ikipigwa na jua hupinda, sote tunajua, nani hapa hajawahi kuacha moja kwenye kiti cha gari? Kwa hiyo akaniambia niingie ndani ya gari, kiyoyozi kinawaka, akaivuta sahani nusu tu kutoka kwenye karatasi yake. Nikaona lebo. Nikaona jina la bendi, nikaona "You're Gonna Miss Me" juu kabisa ya orodha. Nikaona weusi unang'aa bila mkwaruzo hata mmoja. Nikamwambia, imetunzwa hii. Akasema, "Mzee alikuwa mpole." Ndani ya gari kulikuwa kunanuka kahawa, nikadhani ni ya kwake.

Kwenye malipo akasema nitume kwa simu, ila nichague ile ya ndugu na jamaa, wasije wakamkata ada. "Si sisi ni ndugu?" Nikacheka. Nikachagua. Nikatuma. Akaniombea na dua ya safari.

Nyumbani nikawasha pleya, nikafuta sindano, nikawafukuza watoto sebuleni. Nilipoitoa sahani yote kwa mara ya kwanza, mkono ulinipa habari kabla ya masikio. Nzito. Nzito ile ya siku hizi, ya gramu 180, wanayoiuza kwa kujisifia kwenye kibandiko. Nikajipa moyo. Nikaweka sindano, nikavaa spika za masikioni. Kitu kimeandikwa mono, sauti zimegawanyika, hizi kushoto, hizi kulia. Sahani ya mono haina kushoto na kulia! Hata mtoto wangu anajua.

Ndipo nikalirudia jalada. Harufu ya kahawa, kumbe ilikuwa inatoka humo. Limepakwa kahawa lile, kwa sifongo bila shaka, ukiliweka karibu na dirisha unaona njia za mkono zinapita kwa nyuma zote upande mmoja. Nikachemsha birika, nikalishikia lile bandiko la bei kwenye mvuke, nikaanza kulibandua kwa ukucha. Likatoka polepole. Chini yake nikaona mstari mmoja mweusi, kisha wa pili, kisha yote. Bakodi. Ile mistari ya kuskani dukani! Bidhaa ya kwanza kabisa kuskaniwa kwa mistari hiyo dukani ilikuwa paketi ya ubani wa kutafuna, kule Ohio, mwaka 1974. Mzee wa Montrose alinunua santuri 1966 ikiwa nayo tayari, mzee wa miujiza.

Nikapiga simu. Ikaita. Nikapiga tena, imezimwa. Nikaandika ujumbe wa heshima, "kaka samahani, naona kuna tatizo kidogo," akausoma, akala jiwe. Nikaandika wa pili usio na heshima, hapo nikakuta nimefungiwa. Picha yake ya wasifu imetoweka. Wenye ile programu ya malipo wameniambia fedha iliyotumwa kwa ndugu na jamaa hairudishwi kirahisi, kwa sababu mimi mwenyewe nimethibitisha kuwa namjua. Ndiyo maana aliniomba niichague! Ada ilikuwa senti, jamani.

Nimemsimulia baba watoto, kacheka mpaka kakaa chini. "Dola mia sita na nusu kwa ajili ya mtu anayeguna kwenye gudulia." Sasa hivi sitaki ushauri wa mtu wa ndani ya nyumba hii.

Jana nikapigiwa na yule kaka wa Lubumbashi, mnamfahamu. Kumbe naye ameuziwa Easter Everywhere, santuri yao ya pili, ya 1967, mtu huyo huyo, maegesho hayo hayo, taulo hilo hilo. Ila kwake marehemu alikuwa bibi, na alikuwa anaishi Pasadena. Naye alikaa kimya kwa aibu. Sasa mimi aibu nimeishiwa. Kama kuna wengine, semeni, hata kama mlipoteza ishirini.

Na ninachotaka mjue, huyu bwana si mtu wa kuonywa, ni mtu wa kushtakiwa. Sitaki kusikia "tumwombee," sitaki kusikia "tuyamalize kifamilia," na yule atakayeniambia tusianikane mbele ya Wazungu naomba anirudishie yeye hela yangu. Texas hii hii, mwaka 1969, Roky Erickson alikamatwa na msokoto mmoja wa bangi. Mmoja! Akajitetea kwa wazimu ili asifungwe, wakampeleka hospitali ya Rusk pamoja na wauaji, akatoka 1972 si yule tena. Wote tumesikiliza tofauti ya kabla na baada. Na huyu anayechukua jasho la watu kwa jina la wazee waliokufa anaendesha gari lenye kiyoyozi, anavaa shati la pasi, anaitikia shikamoo. Naidai hata hiyo shikamoo irudi. Atolewe kwenye vikundi vyote vya Waswahili, asialikwe harusini wala msibani, asipewe sahani ya pilau popote kuanzia Alief mpaka Katy.

Basi, mnaoniuliza inbox dalili zilikuwa nini. Nyingine nimeshazisema humo juu, zitafuteni. Bandiko lolote lililokaa pembeni chini nyuma ya jalada, libandueni kabla ya kulipa, muuzaji akikataa ondokeni. Harufu. Uzito. Asiyekuruhusu kuitoa sahani yote. Na bakodi isipokuwepo msishangilie bado, kwa sababu yapo matoleo ya 1979 yenye lebo ya International Artists vile vile, yanauzwa kila siku kama ya 1966. Inamisheni sahani kwenye mwanga, muangalie ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Mkikuta pamegongwa neno MASTERFONICS, hiyo si ya sitini na sita, mtu akiapa asiape.

Na lipo moja ambalo nilikuwa sitaki kuliandika, kwa sababu najua mtanicheka mwaka mzima. Siku ya kwanza kabisa aliniambia kwamba mzee wake alikuwepo ukumbini siku iliporekodiwa ile santuri yao ya Live. Akasema, "Yale makofi unayoyasikia, la kwake limo." Ndiyo. Live. Ile ya 1968, ambayo kampuni ilichukua mabaki ya studio, majaribio na nyimbo zilizoachwa, ikabandika juu yake makofi na mayowe ya watu ambao hawakuwahi kuwaona, ikaiuza kama onyesho. Sote tunalijua hilo, mimi nikiwa wa kwanza kulisimulia kwa kila mgeni. Nililisikia likipita. Nikasema wazee husahau, labda alichanganya na La Maison, tena marehemu hasemwi vibaya. Cheka weee mkimaliza mniambie.

Jina analotumia siandiki hapa, hata sina hakika kama ni lake. Lakini Jumatatu naingia kwenye mahakama ya Justice of the Peace, ile ya madai madogo, wanapokea madai hadi dola 20,000 na huhitaji wakili. Ninachokosa ni jina lake la ukoo na anuani ya kumpelekea wito. Mwenye navyo anitumie faragha, tafadhali sana msiandike hadharani mkaniharibia. Kaka wa Lubumbashi, leta risiti yako ya simu tufungue pamoja. Na yeyote anayejuana na mwenye lile duka la Bissonnet amwambie leo, si kesho, asifute picha za kamera za Jumamosi saa nane.