Vitabu vya Historia, Siasa na Besiboli: Kipi Kitangulie kwa Mnunuzi wa Kisumu au Nakuru

Mwezi wa Desemba mwaka juzi nilinunua kitabu cha historia ya Mau Mau kutoka kwa mchuuzi aliyekuwa ametandaza turubai kando ya barabara mjini Kisumu. Jalada lilikuwa linang'aa, bei ilikuwa karibu nusu ya ile ya dukani, nami kwa haraka ya kuwahi matatu sikukifungua hadi nilipofika nyumbani. Nilipomaliza ukurasa wa 224, uliofuata ulikuwa wa 193 tena. Kurasa 32 zilikuwa zimerudiwa, na kurasa 32 nyingine, kuanzia 225 hadi 256, hazikuwamo kabisa. Picha za wafungwa zilikuwa madoa meusi yasiyo na sura za watu. Niliporudi siku ya pili, mchuuzi alikuwa amekwisha kuhama.

Kitabu hupangwa kwa mafungu ya kurasa, mara nyingi 16 au 32, ambayo hukusanywa kwa mpango na kutiwa gundi au kushonwa. Anayechapisha nakala haramu kwa haraka hukosea mpango huo, na jalada halikuonyeshi kosa lake. Kwa hiyo kabla ya kulipa, pindua kurasa zote ukifuata namba zake, tazama kama picha zina mwanga na kivuli, kisha ufungue kitabu katikati na kukikunjua kwa upole usikie kama gundi inalia. Nakala halali ya mitumba, hata ikiwa na jina la mwenyewe wa zamani na doa la chai, ni bora kuliko nakala haramu inayong'aa.

Natilia mkazo jambo hili kwa sababu kitabu si kitu cha bei nafuu kwetu. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 iliviweka vitabu chini ya kodi ya asilimia 16, na vile vinavyochapishwa Uingereza au Marekani hubeba pia gharama ya safari. Mtu anayetenga pesa za kitabu kimoja kila baada ya miezi miwili au mitatu anahitaji kujua kipi kitangulie. Ushauri wangu ni kwamba uanze na kitabu kinachoeleza mambo yaliyotokea mbele ya macho ya wazazi wako, kwa sababu hicho utakimaliza, kisha ukiache kikuongoze kwenda mbali.

Nafasi ya kwanza naipa "Kenya: Between Hope and Despair" cha Daniel Branch, kilichotolewa na Yale University Press mwaka 2011. Kinaanza na uhuru wa 1963 na kufika 2011, na msomaji wa kawaida anaweza kukimaliza katika likizo moja. Mauaji ya wanasiasa ambayo huku tumeyasikia kwa vipande tu, ya Pio Gama Pinto mwaka 1965, ya Tom Mboya tarehe 5 Julai 1969, ya J. M. Kariuki mwaka 1975 na ya Robert Ouko mwaka 1990, yamepangwa humo katika mfululizo mmoja, na ukiyasoma kwa mfululizo unaanza kuona jinsi kila moja lilivyobadilisha siasa iliyofuata. Wakazi wa Kisumu watasoma kwa makini zaidi habari za tarehe 25 Oktoba 1969, siku ambayo Jomo Kenyatta alikuja kufungua hospitali ambayo wazee bado wanaiita Russia, umati ukafyatuliwa risasi, na siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku. Nimewahi kusikia habari hizo zikisimuliwa kwa namna kumi. Ni vizuri kuwa na kitabu cha kuzipimia. Upungufu wake ni kwamba kinakoma kabla ya serikali za kaunti kuanza mwaka 2013.

Wengine watakushauri ununue "Kenya: A History Since Independence" cha Charles Hornsby, cha mwaka 2012. Kina kurasa zaidi ya 900, na mwanafunzi wa Maseno au Egerton mwenye utafiti wa kuandika atakihitaji kwa ajili ya takwimu za uchaguzi na habari za uchumi. Kwa mtu anayesoma jioni baada ya kazi, nasema akiache maktabani na kwenda kukitazama huko anapotafuta jambo mahususi.

Nafasi ya pili ni ya "Not Yet Uhuru" cha Jaramogi Oginga Odinga, kilichotoka mwaka 1967 kikiwa na utangulizi wa Kwame Nkrumah. Watu wengi hukinunua kwa ajili ya ugomvi wake na Kenyatta, kujiuzulu kwake umakamu wa rais mwaka 1966 na kuanzishwa kwa KPU. Mimi narudia zaidi sura zinazohusu shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, ambalo Odinga alilianzisha katika miaka ya 1940. Mwalimu anaacha kazi yenye heshima, anazunguka miji ya Afrika Mashariki akiwashawishi Wajaluo waliotawanyika kwa ajili ya kazi wanunue hisa, na anakutana na mashaka ya watu waliozoea kuona biashara ikiwa mikononi mwa wengine. Yeyote aliyewahi kuongoza chama cha akiba au kikundi cha akina mama atajua ugumu huo bila kuelezwa. Kumbuka tu kwamba ni kumbukumbu za mwanasiasa aliyekuwa bado vitani, na hicho ndicho kinachonifanya nikiweke baada ya Branch: ukimsoma Odinga ukiwa na tarehe na matukio kichwani, utaona anapokaza na anapopita haraka.

Kwa mambo ya sasa, nafasi ya tatu inakwenda kwa "It's Our Turn to Eat" cha Michela Wrong, cha mwaka 2009. Kinamfuata John Githongo, ambaye serikali ya Mwai Kibaki ilimteua mwaka 2003 kusimamia vita dhidi ya ufisadi, akagundua kashfa ya kandarasi hewa iitwayo Anglo Leasing ndani ya serikali hiyohiyo, akarekodi mazungumzo ya wakubwa wake, na mwaka 2005 akabaki Uingereza. Kilipotoka, maduka mengi ya vitabu nchini yaliogopa kukiweka rafuni kwa hofu ya kushtakiwa, kikasambazwa kwa njia nyingine na kuuzwa barabarani. Ni kwa sababu hiyo nakala haramu za kitabu hiki bado ni nyingi mno, na onyo langu la mwanzo linakihusu kuliko vingine vyote.

Hata hivyo, kabla hujatoa shilingi yoyote kwa habari za siasa za karibuni, soma ripoti mbili ambazo hupatikana bure kwenye intaneti. Ripoti ya Tume ya Waki ya mwaka 2008 ilihesabu vifo 1,133 katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na sura zake zinakwenda eneo kwa eneo, zikiwamo Nakuru, Naivasha na Kisumu. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa rais Mei 2013, inarudi nyuma hadi 1963. Zote mbili ni ndefu na lugha yake ni ya kisheria. Anza na sura ya ripoti ya Waki inayohusu mahali unapoishi. Mimi niliisoma ile ya Nakuru nikiwa na ramani ya mji mezani, nikifuata mtaa mmoja baada ya mwingine, na ilinichukua usiku mzima.

Sasa besiboli. Najua msomaji wa Kakamega au Molo atauliza mchezo huo unamhusu nini, na ndiyo maana nimeupa nafasi ya nne, juu ya vitabu viwili vya historia ya Kenya. Mwaka 1959 Tom Mboya alikuwa akitafuta pesa za kuwasafirisha wanafunzi kwenda vyuo vya Marekani. Miongoni mwa waliotia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani wachange alikuwamo Jackie Robinson, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, na mnamo Septemba ndege ikaondoka na wanafunzi 81. Robinson ndiye aliyeingia uwanjani Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947 akiwa mchezaji wa kwanza mweusi katika ligi kuu za besiboli tangu ubaguzi ulipowafungia nje watu weusi katika karne ya 19. Mwanamichezo huyo na Mboya, kijana wa Nyanza aliyezikwa Rusinga, walikutana katika kazi moja, na jambo hilo halifundishwi shuleni kwetu.

Kitabu cha kununua ni "I Never Had It Made", tawasifu ya Robinson ya mwaka 1972, mwaka uleule aliofariki. Huhitaji kujua sheria nyingi ili kukifuata. Ukishaona wasichana wakicheza raunda shuleni, unalo wazo la msingi: mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaupiga na kukimbia kuzunguka vituo vinne, kila timu ina wachezaji tisa uwanjani, na mchezo una awamu tisa. Nusu ya kitabu haihusu uwanja hata kidogo. Inahusu biashara, siasa, kifo cha mwanawe, na uchungu wa mtu ambaye alisifiwa kwa uvumilivu wakati moyoni alikuwa akiungua. Anayetaka kisa cha ndege za wanafunzi chenyewe atafute "Airlift to America" cha Tom Shachtman, cha mwaka 2009.

Nafasi ya tano ni ya Profesa Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem, na kitabu chake "History of the Southern Luo" cha mwaka 1967. Alikijenga juu ya masimulizi ya wazee wakati ambapo wasomi wengi walishikilia kwamba pasipo maandishi hakuna historia. Ni kigumu, kimejaa majina ya koo, na huwezi kukisoma ukiwa umechoka. Habari njema ni kwamba vitabu kadhaa vyake vya baadaye vilichapishwa hapahapa Kisumu na Anyange Press, hivyo uliza kwanza katika maduka ya Kisumu kabla ya kuagiza Nairobi.

Nafasi ya sita ni ya Mau Mau, na hapa kuna mtego. Kitabu cha Caroline Elkins kuhusu kambi za kizuizini, cha mwaka 2005, kiliuzwa Marekani kwa jina "Imperial Reckoning" na Uingereza kwa jina "Britain's Gulag". Ni kitabu kilekile. Usivinunue vyote viwili. Mwaka huohuo David Anderson alitoa "Histories of the Hanged", kinachotegemea kumbukumbu za kesi za mahakama zilizowapeleka watu 1,090 kwenye kitanzi. Kati ya hivyo viwili nachagua cha Anderson, kwa kuwa kinawapa washtakiwa majina, vijiji na siku zao mahakamani. Elkins afuate, hasa kwa anayetaka kuelewa kwa nini mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228.

Nafasi ya saba ni "Moneyball" cha Michael Lewis, cha 2003, kinachoeleza jinsi klabu ya besiboli ya Oakland, Marekani, isiyo na pesa nyingi ilivyotumia takwimu kuchagua wachezaji waliodharauliwa na wengine, ikashinda michezo 20 mfululizo mwaka 2002. Kocha wa timu ya mtaa atakifurahia. Kinunue cha mitumba, kwa sababu huonekana mara kwa mara.

Linaniuma kwamba vyote saba ni vya Kiingereza. Kwa Kiswahili, kitabu ninachokipendekeza bila kusita ni "Wasifu wa Siti Binti Saad" cha Shaaban Robert, kisa cha mwimbaji wa Zanzibar aliyetoka katika umaskini wa kijijini na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi nyimbo zake. Ni chembamba, bei yake haitishi, na lugha yake inafaa kusomwa kwa sauti mbele ya watoto.

Ukikosa kitabu mjini, jaribu kwanza maktaba ya umma ya Kisumu au Nakuru, upate kusoma sura moja kabla ya kuamua. Ukilazimika kuagiza Nairobi ili kiletwe kwa basi, mwombe mwuzaji akupigie picha ya mgongo wa kitabu, ya yaliyomo, ya ukurasa wowote wenye picha, na ya ukurasa wa haki za kunakili wenye jina la mchapishaji na mwaka. Akikataa hiyo ya mwisho, usimtumie pesa.