Uzoefu wangu Husky Stadium: chagua kiti kwa masikio

Nimekwenda Husky Stadium, uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa Chuo Kikuu cha Washington hapa Seattle, mara tatu katika misimu miwili, na kila safari nimekaa upande tofauti. Naandika haya kwa ajili ya ndugu zetu wa Tukwila, Kent na SeaTac ambao watoto wao wameanza kusoma pale, na wanaulizana kama tiketi inastahili hela yake. Mimi nasema inastahili, ila inategemea umekaa wapi. Wengi tunachagua kiti kwa kufikiria macho yataona nini. Pale fikiria kwanza masikio yatasikia nini.

Nimekulia Temeke. Uwanja niliouzoea ni wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga: watu 60,000, ngoma, vuvuzela, nyimbo zisizokatika tangu mchana mpaka watu wanatawanyika. Kwetu shabiki hupiga kelele ili kuipa timu yake nguvu, na kadiri timu inavyoshambulia ndivyo anavyozidisha. Mara ya kwanza Husky Stadium nilifanya hivyohivyo. Timu yetu ilikuwa na mpira, nikasimama nikipaza sauti, na mzee aliyekaa mbele yangu akageuka, akanieleza kwa upole kwamba sasa hivi tunanyamaza. Tutapiga kelele mpira ukiwa kwa wageni.

Maelezo yake ndiyo yaliyonifungua macho kuhusu mchezo huu. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Kabla ya kila jaribio, kiongozi wa washambuliaji, yaani kwotabeki, huwaambia wenzake mpango, na wakishajipanga kwenye mstari huwapigia ukelele wa kuashiria sekunde ya kuondoka. Wachezaji 11 lazima waanze pamoja. Mmoja akitikisika kabla ya mpira kutolewa, waamuzi wanairudisha timu nyuma yadi 5. Sasa fikiria watu 70,000 wanapiga mayowe katika sekunde zilezile ambazo mtu huyu anahitaji kusikika. Wenzake hawamsikii, inabidi waangalie mpira wenyewe kwa jicho la pembeni, na mlinzi wa kwotabeki anachelewa kuondoka kwa kiasi cha kupepesa macho. Kiasi hicho kinamtosha adui kumpita. Ndiyo maana ukifika jaribio la tatu la wageni uwanja mzima husimama. Shabiki pale ni sehemu ya safu ya ulinzi, na umbo la uwanja linamsaidia kazi hiyo.

Safari ya kwanza ilikuwa ya mchana, Septemba. Tiketi niliinunua kwenye tovuti moja ya wauzaji wa mkono wa pili, dola 54 na ada juu yake ambayo haikuonekana mpaka hatua ya mwisho ya malipo. Maelezo yao yalisema ni kiti cha kuona kila kitu. Kilikuwa upande wa mashariki, nyuma ya mstari wa goli, upande ulioachwa wazi kuelekea Ziwa Washington. Mandhari ni ya kupendeza kwelikweli. Maji yako mgongoni, na kuna watu waliokuja na boti zao wakazifunga karibu na uwanja. Hiyo ni desturi ya hapa. Kwa mbali ni milima ya Cascade. Ungekuwa unanunua picha, ungekuwa umepata. Lakini mayowe niliyasikia kama unavyosikia harusi ya mtaa wa pili. Sauti ikifika upande ule haina ukuta wa kugonga wala paa la kuirudisha, inapita juu ya kichwa chako na kwenda zake ziwani.

Nilirudi nyumbani nikamuuliza binti yangu, anayesoma pale, kama hizo sifa za uwanja wenye kelele ni maneno tu. Akanijibu, "Baba, ulikaa nje ya ngoma. Njoo nikukalishe ndani yake."

Kwa hiyo safari ya pili alichagua yeye: jukwaa la juu la kaskazini, chini ya paa, usawa wa katikati ya uwanja. Mechi ilianza saa moja na nusu usiku, manyunyu yanadondoka. Sitasahau jaribio la tatu la kwanza la wageni. Sauti haikuja kutoka mbele wala nyuma, ilishuka. Niliisikia kifuani kabla ya masikioni, na sakafu ya jukwaa ikawa inatetemeka chini ya viatu. Niliogopa kidogo, binti yangu akacheka. (Kutetemeka huko hakunishangazi tena. Mwaka 1988 huko Baton Rouge, mashabiki wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana walishangilia goli la kuwafunga Auburn hadi kipimo cha matetemeko ya ardhi cha chuo hichohicho kikauandika mtikisiko wao.)

Siri iko juu ya kichwa. Majukwaa mawili makubwa, la kusini na la kaskazini, yana mapaa ya chuma yanayojitokeza mbele juu ya watu bila nguzo za kuwaziba. Katika jukwaa lisilo na paa, sehemu kubwa ya mayowe ya shabiki inapotelea angani. Pale paa linaidaka na kuitupa chini, kuelekea uwanjani na jukwaa la upande wa pili, ambalo nalo linarudisha yake. Na karibu asilimia 70 ya viti viko kwenye pande hizo mbili ndefu, kwa hiyo watu wengi wanatazamana ana kwa ana, mchezo ukiwa katikati yao. Jukwaa la kusini na paa lake ni la mwaka 1950. La kaskazini ni la 1987, na lina historia yake: tarehe 25 Februari mwaka huo chuma chake kilianguka jukwaa likiwa bado linajengwa. Mafundi walikuwa wameshaondoka eneo hilo, hakuna aliyeumia, na likakamilishwa kwa wakati wa msimu. Nilipokuwa nimekaa juu yake linatikisika nilimshukuru Mungu kwamba mkasa huo sikuujua hadi niliporudi nyumbani.

Jambo la pili ni umbali, na hapa wapenzi wa Mkapa mtanielewa haraka. Uwanja wa Mkapa una njia ya riadha inayozunguka nyasi. Husky Stadium nayo ilikuwa nayo, tangu enzi za mwanzo za uwanja huo uliofunguliwa 1920. Katika ukarabati mkubwa ulioanza mwishoni mwa 2011, wa takriban dola milioni 280, njia hiyo iliondolewa na viti vya chini vikasogezwa hadi karibu na mchezo. Msimu wote wa 2012 timu ilihamia uwanja wa mpira wa kulipwa katikati ya mji, kisha ikarudi nyumbani tarehe 31 Agosti 2013. Kwa sauti, hatua chache ni jambo kubwa: mtu mmoja akipiga kelele mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu sauti yake inapungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti). Natamani siku moja Dar es Salaam ipate uwanja wa mpira tu, usio na njia ya riadha, wenye paa linaloshuka vizuri. Wimbo wa Yanga chini ya paa kama lile ungesikika mpaka Kigamboni.

Watu wa hapa watakutajia desibeli 133.6, kipimo kilichochukuliwa na ESPN, kituo cha televisheni cha michezo, mwaka 1992 katika mechi ya usiku dhidi ya Nebraska. Wanakitaja kama sisi tunavyotaja magoli ya fainali. Nami nakiheshimu, ila ieleweke kwamba namba ya namna hiyo ni ya kilele cha papo moja, na inategemea sana kipimo kilishikwa wapi. Desibeli nazo hazijumlishwi kama machungwa: ukiongeza watu mara mbili, wakipiga kelele sawasawa, unapata desibeli 3 tu zaidi. Ndiyo maana wingi wa watu hautoshi. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, kule Ann Arbor anakoishi shemeji yangu, unachukua watu 107,601, lakini umbo lake ni kama sahani pana iliyolala, na kwa miaka mingi ulisifika kwa ukubwa kuliko kwa kelele, mpaka yalipoongezwa majengo marefu pande mbili mwaka 2010 yakaanza kurudisha sauti. Jirani zetu wa Oregon, kwenye uwanja wa Autzen, wana viti 54,000 tu, lakini umezama ardhini kama bakuli, na timu ngeni zinauogopa. Umbo linashinda hesabu.

Sasa masikio yenyewe, na hapa nawaomba wazazi mnisikilize. Safari ya tatu nilikwenda na mwanangu mdogo, ana miaka saba. Nilimnunulia vizibo vya sponji katika duka moja la dawa, vile vya kuviringisha kwa vidole. Vilikuwa vikubwa kuliko tundu la sikio lake, vikawa vinachomoka kila akitafuna bisi. Kabla ya mapumziko kimoja kilishapotea chini ya viti. Nilimziba kwa viganja vyangu mpaka mke wangu akatoa vifuniko vya masikio, vile vya kuvaa kama vya kusikilizia muziki, ambavyo alikuwa ameviweka kwenye mfuko bila kuniambia. Vikakaa vizuri, mtoto akatulia, akapiga kelele na wenzake mpaka mwisho. Vifuniko vya watoto nunueni, vizibo vya sponji waachieni wakubwa.

Siandiki hivi kwa woga wa bure. Taasisi ya Marekani inayosimamia utafiti wa afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda huo ukatwe nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Mechi inachukua zaidi ya saa tatu. Simu yangu, ambayo najua si kipimo cha maabara, ilipita 100 kila jaribio la tatu la wageni tulipokuwa chini ya paa, na ilikuwa chini kabisa timu yetu ikiwa na mpira. Huko kupanda na kushuka ndiko kunakookoa masikio, lakini usikutegemee peke yake. Mimi mwenyewe baada ya safari ya pili masikio yaliimba mpaka asubuhi, na tangu hapo sikai bila vizibo. Cha ajabu ni kwamba ukiviziba bado unaisikia. Kifua hakina kizibo.

Mengine kwa ufupi. Usafiri ni rahisi mno: treni ya Laini ya 1 kutoka kituo cha Tukwila inakushusha mlangoni kwa uwanja bila kubadilisha, kwa kuwa kituo cha chuo kilichofunguliwa 2016 kiko pembeni yake. Begi lazima liwe la plastiki inayoonyesha ndani. Chakula ni ghali, kuleni nyumbani. Viti vya chini ya paa havilowi sana mvua ikinyesha wima, lakini upepo wa ziwani ukivuma utahitaji koti hata Oktoba. Na king'ora kikilia msishtuke: ni timu ya nyumbani imefunga.

Ukiniuliza bei, nitalipa tena kwa jukwaa la kaskazini au la kusini, chini ya paa, hata kama ni juu kiasi kwamba wachezaji wanaonekana kama vidole. Upande wa mashariki mpeleke mgeni anayetaka kuona ziwa, au mzee asiyependa makelele. Kwake panafaa sana. Kwangu mimi kiti kile nakipa nyota tatu, na cha chini ya paa tano.

Kimebaki kiti cha safari ya tatu, cha chini, hatua chache kutoka nyasi. Tangu msimu wa 2024 vyuo vya daraja la juu vimeruhusiwa kuweka redio kwenye kofia ya mchezaji mmoja, kocha amwambie mpango moja kwa moja, na redio hukatwa saa inayohesabu muda wa kuanza kila jaribio ikibakiza sekunde 15. Nilidhani kelele zetu sasa zimekwisha kazi. Kisha nikamwona kwotabeki wa wageni, karibu kiasi cha kumsoma midomo, amebana viganja viwili kwenye matundu ya kofia, ameinama, anajaribu kumsikia kocha wake. Aliposimama wima akawageukia wenzake kumi, ambao hawana redio, akafungua mdomo. Mwanangu, vifuniko vyake masikioni, alikuwa amesimama juu ya kiti ananguruma kwa nguvu zake zote. Mmoja wa walinzi wa kwotabeki huyo akachomoka mapema. Yadi tano nyuma.