Fundi umeme wa chini ya mwembe, Picha ya Ndege, Kibaha: aliyeikamata misi iliyonisumbua wiki saba

Probox yangu ni ya 2005 na dashibodi inasoma kilomita 318,000. Inabeba mayai. Saa kumi na moja alfajiri natoka Kibaha na trei mia na ishirini, nagawa kwenye maduka na vibanda vya chipsi kuanzia Mbezi mpaka Manzese, na kwenye saa tano nageuza kurudi na trei tupu. Ada za wanangu zinatoka humo, kwa hiyo gari likiumwa nyumba nzima inaumwa.

Naandika kuhusu fundi huyu kwa sababu wenye magari yaliyotembea sana tunaambiwa kila siku kwamba "injini imechoka", na tunakubali kwa kuwa ile namba ya kilomita inatutisha. Mimi nilikuwa nimeshakubali.

Tatizo lilianza mwezi wa tatu. Asubuhi gari linawaka vizuri, mlio mmoja laini. Wakati wa kurudi, nikishaipita Ubungo na kuanza kupandisha Kimara, ghafla nguvu zinakata, usukani unatetemeka, sailensa inakohoa (ndiyo mafundi wanaita kumisi, silinda moja haichomi), na taa ya injini inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Nikifika tambarare linatulia. Taa inabaki njano bila kupepesa, siku nyingine inazimika yenyewe. Nikilifikisha kwa fundi, gari zima kabisa, ananitazama kana kwamba nimeota.

Fundi wa kwanza alisikiliza sentensi moja tu, akasema plagi. Plagi nne mpya kwa 18,000 kila moja, na 20,000 ya mkono wake. Siku mbili gari likawa tamu, ya tatu likarudia palepale Kimara. Wa pili alikuwa na mashine ya kupimia, ikatoa P0302. Alinieleza, na hilo alilieleza sawa, kwamba ile mbili ya mwisho ndiyo silinda yenyewe: silinda namba mbili haichomi. Akaniambia koili, ile inayoipa plagi moto, imekufa. Gari hili halina nyaya ndefu za plagi kama magari ya zamani, kila plagi ina koili yake imekaa juu. Tukaagiza koili ya mtumba kwenye maduka ya spea ya Gerezani, 60,000, ufundi 25,000, kupima 30,000. Siku nane za raha. Ya tisa, na mvua ile, nikakwama katikati ya foleni nikikohoa pamoja na gari. Nikarudi kwake. Safari hii hakupima kitu. Alisema kwa kilomita hizo silinda imekwisha, ninunue injini nyingine, 1,700,000 pamoja na kufunga. Nilikwenda nyumbani nikaanza kuhesabu kuku wa kuuza.

Aliyenielekeza kwa huyu mzee ni dereva wa Noah anayepakia pale Maili Moja. Gereji haina kibao. Ukishuka Picha ya Ndege, ingia kushoto kama unatoka Dar, fuata barabara ya vumbi hadi kwenye mwembe mkubwa wenye benchi na kontena la bluu. Uliza fundi umeme, kila mtu anamjua.

Nilimsalimia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akafuta mikono, akakaa kwenye benchi. Hakufungua boneti. Aliuliza. Linamisi likiwa la baridi au la moto? Likisimama au likitembea? Kwenye mlima au tambarare? Likiwa na mzigo au tupu? Ukiwasha eisii inazidi? Ukirudi rivasi je? Hilo la rivasi lilinishangaza, hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikakumbuka kwamba nyumbani kwangu kuna mteremko, kila jioni narudi kinyumenyume nikipandisha getini, na halijawahi kumisi pale hata siku moja. Akatikisa kichwa taratibu, akaandika kwenye daftari la shule.

Halafu akaniuliza swali ambalo nadhani ndilo lililofungua kazi yote: kila walipotengeneza, lilipona siku ngapi? Nikamwambia mbili, kisha nane. Akasema, "Mwanangu, plagi mbovu ukiitoa imetoka, hairudi baada ya siku mbili. Hapo kuna kitu wanakigusa bila kujua, kinakaa sawa, halafu kinaachia tena."

Akaanza kazi. Kwanza alihamisha koili: ya namba mbili akaipeleka namba tatu, ya tatu akaileta namba mbili. Dakika kumi na spana moja. Maana yake ni rahisi, na ukiielewa hutauziwa koili tena bure: kama koili ndiyo mbovu, ubovu utahama nayo na mashine itasoma P0303. Ikibaki P0302, koili haina kosa. Alifuta kumbukumbu ya kompyuta ya gari, akaniambia kesho niende kwenye biashara yangu kama kawaida, na yeye anakuja nami.

Alikuja kweli. Saa kumi na moja kasoro alikuwa getini kwangu na koti lake na mashine yake, akakaa kiti cha mbele trei zikiwa zimemgusa kisogoni. Tumegawa mayai naye mpaka Manzese, akinisaidia hata kushusha. Wakati wa kurudi, pale Kimara, likaanza. Nikamwona anatazama mashine bila kusema neno. P0302. Koili niliyouziwa kwa 60,000 ilikuwa imekaa namba tatu inafanya kazi bila shida, na ile ya zamani bado ninayo ndani, labda ni nzima mpaka leo.

Tuliporudi alipima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Nilitaka hilo kuliko yote kwa sababu ya yale maneno ya injini. Alitoa plagi zote, akafunga geji kwenye tundu moja moja, mimi napiga stata na mafuta nimekanyaga hadi chini. Zikasoma psi 185, 180, 185, 180. Injini hii ni 1NZ-FE, na kiwango cha chini cha kiwandani ni 156. Tena zote nne zinakaribiana. Alinionyesha geji mwenyewe kila mara kabla hajaiachia pumzi. Mwili wangu wote ulilegea. Injini ya kilomita 318,000, na silinda zake ziko sawa.

Sasa sehemu ambayo nataka mwenye gari yeyote aijue. Alirudisha kila kitu, akaweka mawe kwenye matairi mbele na nyuma, akafungua boneti, akasimama ubavuni, si mbele ya gari. Akaniambia nikanyage breki hadi mwisho, niweke D, niguse mafuta kidogo. Injini nzima ikainuka upande mmoja, niliiona kwenye ule mwanya wa boneti ikijipindua kama mtu anayegeuka usingizini. Na pale pale, bila mlima, bila Kimara, ikaanza kumisi. Nikaachia, ikatulia. Akasema weka R. Injini ikalalia upande wa pili, na ikanguruma safi. D inamisi, R haimisi. Mara tatu tulirudia, mara tatu ikawa hivyohivyo.

Mapira yanayoshikilia injini, zile mauntini, lile la kulia lilikuwa limechanika. Ukipandisha mlima injini inajipindua kuliko inavyopaswa, na ikijipindua inavuta mkungu wa nyaya ulio juu yake. Klipu iliyopaswa kuushika ule mkungu haipo, ilishavunjika zamani. Hapo ndipo miaka ya gari ilipo, kwenye mpira na klipu.

Alitoa plagi ya namba mbili mara baada ya kumisi, akaninusisha. Kavu, haina harufu ya petroli. Akanieleza kwamba moto wa plagi ungekuwa unakatika, plagi ingetoka imelowa mafuta ambayo hayakuungua. Ikitoka kavu, basi moto upo ila mafuta hayafiki. Kwa hiyo ni nozeli, ile inayopuliza petroli, au waya wake. Na kwa kuwa kilichokatika ni mafuta, masega ya kwenye ekzosi, yale yanayosafisha moshi, yalipona. Ukiona taa ya injini inapepesa, alisema, punguza mwendo na usilazimishe, kwa sababu moto ukikatika petroli mbichi inakwenda kuungulia humo na kuyayeyusha.

Alichomoa soketi ya nozeli namba mbili, akachomeka kijitaa kidogo badala yake, akaniambia niwashe. Kijitaa kikawa kinapepesa haraka haraka. Akaushika mkungu kwa vidole viwili, akauvuta kwa upole, kama sentimita moja tu. Kijitaa kikazima. Akaachia, kikapepesa. Akavuta, kikazima. Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Wiki saba, 207,000 zimekwenda, na jibu lilikuwa kwenye kidole na kidole cha mzee huyu, linawaka na kuzima mbele ya macho yangu.

Waya ulikuwa mzima ukiutazama. Ngozi haina hata mkwaruzo. Alishika pande mbili akavuta, na sehemu moja karibu na soketi ikarefuka kama mpira wa manati, maana ndani shaba ilikuwa imekatika na kilichobaki ni plastiki tu. Alipoichana kwa wembe, shaba ilikuwa nyeusi na kijani, nyuzi zimesimama kama ufagio uliochakaa, zinagusana zikipenda. Ndiyo maana kila fundi aliyesogeza nyaya ili afikie plagi au koili alinipa siku mbili tatu za amani. Na mashine isingeweza kuuona, kwa sababu inachokiona ni kwamba silinda haikuchoma, haioni kwa nini.

Alikata sehemu yote iliyooza, akaunga soketi nyingine yenye kipande chake cha waya, akaunganisha kwa risasi, akavalisha ule mpira unaonywea ukipashwa moto, kisha akaupitisha waya mahali pake ukiwa na ulegevu kidogo, akaufunga kwa klipu. Kesho yake tukabadilisha mauntini ya kulia. Alisisitiza hilo: ukitengeneza waya ukaacha mauntini, utarudi.

Bei: kupima 30,000, kompresheni 20,000, waya na soketi 25,000. Mauntini nilinunua mwenyewe kwa 85,000, kufunga 15,000. Jumla 175,000. Ile safari ya Manzese alikataa kulipwa, alichukua trei moja ya mayai, na nililazimika kumshikisha.

Ana mapungufu, na ni haki niyaseme. Anashika gari moja kwa wakati mmoja, mimi nilisubiri siku mbili kabla hajaligusa langu. Simu hapokei akiwa kazini, usimlaumu, nenda mwenyewe. Mvua ikinyesha pale ni tope, na kivuli ni ule mwembe tu. Risiti hatoi mpaka umwambie, na anaiandika kwa mkono. Giaboksi hagusi, atakuelekeza kwa mwingine. Spea hauzi kabisa, na kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu anayekuuzia koili ana sababu ya kuiona koili ni mbovu. Huyu alinipigia hesabu ya kila kipimo kabla hajakifanya, akaniambia kitatuambia nini kikiwa hivi na nini kikiwa vile, na sikulipia kitu ambacho sikukiona kwa macho.

Ni miezi minne sasa tangu alitengeneze. Kimara napandisha kila siku isipokuwa Jumapili, na mwezi uliopita nilipandisha nikiwa na mifuko kumi na miwili ya chakula cha kuku nyuma, mvua inanyesha, eisii inawaka. Taa haijawaka. Nimempelekea Spacio ya kaka yangu, nayo inamisi, lakini yake ni asubuhi tu ikiwa ya baridi, na mzee ameshamwambia ailaze pale usiku ili awe wa kwanza kuiwasha alfajiri.

Ukienda, nenda asubuhi, na ukumbuke vizuri gari lako linaumwa saa ngapi na mahali gani, kwa sababu atakuuliza yote. Hufungua saa mbili. Ijumaa hufunga saa sita na nusu kwenda msikitini na hurudi saa nane. Jumapili hayupo.